MGONJWA MAHUTUTI NAYE ANAHITAJI KULA
Somo kwa wanaouguza jamaa zao hospitalini, Kasese na Bwera

Leo tunazungumzia jambo linalowasumbua wengi wetu: chakula cha mgonjwa aliyezidiwa. Mgonjwa amelala, hazungumzi, mpira umeingizwa puani, dripu inadondoka mkononi. Wewe uliyekuja kumlinda umekaa kando ya kitanda na kibakuli cha uji mikononi. Unataka kumsaidia. Utafanya nini?

Wapo watu waliopona kwa sababu jamaa zao walielewa maelezo ya muuguzi. Wapo pia waliopotea kwa sababu ndugu aliyewapenda sana aliwanywesha uji au chai kwa siri usiku. Somo hili limeandikwa ili wewe uwe upande wa wale wa kwanza.

Ukimaliza kusoma utaweza:
1. kueleza kwa nini mgonjwa mahututi anahitaji chakula;
2. kueleza kwa nini dripu si chakula;
3. kueleza kazi ya mpira wa puani na kuutunza;
4. kueleza kwa nini aliyekaa na njaa siku nyingi huanza na chakula kidogo;
5. kutaja dalili za hatari ambazo lazima umwite muuguzi.

MGONJWA MAHUTUTI NI NANI?

Ni mtu ambaye uhai wake uko hatarini kwa sababu kiungo kimoja au zaidi kimeshindwa kufanya kazi vizuri. Pengine mapafu hayavuti hewa ya kutosha, au moyo hausukumi damu vizuri, au figo zimegoma, au ubongo umezimia. Malaria kali, homa ya mapafu, ajali ya boda boda, kuungua moto, kutokwa damu wakati wa kujifungua, risasi au panga, utapiamlo mkali: yote haya humfikisha mtu hapo.

Katika hospitali kubwa kuna chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine za kupumulia na wauguzi wanaomwangalia mgonjwa saa zote. Vyumba hivyo ni vichache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta vyumba 12 tu vinavyofanya kazi Uganda nzima, vyenye vitanda 55 kwa jumla. Baada ya hapo vitanda viliongezwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, lakini bado wagonjwa wengi waliozidiwa hulazwa katika wodi za kawaida. Mtu akiugua sana upande wetu, hupelekwa Hospitali ya Bwera pale Mpondwe-Lhubiriha, au Kagando kule Kisinga, au Kasese mjini, na akizidiwa zaidi hupelekwa Fort Portal.

Katika wodi ya kawaida muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Kwa hiyo wewe mlinda mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Lazima ujue unachofanya.

KWA NINI CHAKULA NI DAWA

Mtu mzima mwenye afya akikosa chakula siku kadhaa, mwili wake hupunguza matumizi na kuanza kutumia mafuta yaliyohifadhiwa. Mgonjwa mahututi si hivyo. Homa, vidonda na vijidudu vinaufanya mwili uchome nguvu nyingi. Usipopata chakula, mwili unaanza kujila wenyewe, na unaanza na misuli.

Mwaka 2013 madaktari wa London waliandika walichokiona kwa wagonjwa mahututi 63. Walipima msuli wa paja siku baada ya siku. Katika siku 10 za kwanza msuli huo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 17. Fikiria kipande cha nyama ambacho sehemu yake moja katika kila sita imetoweka kwa siku kumi. Ndiyo maana mtu anayetoka hospitalini hawezi kusimama, hawezi kubeba mtungi, na anatetemeka akienda chooni.

Misuli si ya kutembea tu. Kupumua ni kazi ya misuli. Kukohoa makohozi yatoke ni kazi ya misuli. Mgonjwa aliyeishiwa misuli hushindwa kukohoa, makohozi yanabaki kifuani, na homa ya mapafu inamwingia. Vidonda vyake haviponi haraka, na mwili hauna nguvu ya kupigana na vijidudu.

Hata hivyo chakula chenyewe hakizuii upotevu wote huo, kwa maana ugonjwa nao unakula misuli. Kinachosaidia ni chakula cha kiasi sahihi, kwa wakati sahihi, kwa njia sahihi. Maneno hayo matatu ndiyo somo letu lote.

DRIPU SI CHAKULA

Wengi husema: "Mgonjwa wangu hana shida ya kula, wamemwekea dripu," au serumu, kama wanavyosema ndugu waliotoka Kongo. Hebu tupige hesabu.

Dripu ya maji ya sukari inayotumika sana ni ile ya asilimia 5. Lita moja ina gramu 50 za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Hiyo inatoa kalori karibu 200 tu. Haina protini. Haina mafuta. Dripu ya maji ya chumvi haina kalori hata moja.

Mtu mzima wa kilo 60 aliyelala kitandani anahitaji kama kalori 1,200 hadi 1,500 kwa siku, na gramu 70 au zaidi za protini. Ukitaka kumpa kalori 1,500 kwa dripu ya sukari utahitaji zaidi ya lita 7 kwa siku. Maji hayo yangejaza mapafu na kumuua kabla hajashiba.

Dripu ina kazi yake: kurudisha maji yaliyopotea, kupitisha dawa, kupandisha sukari iliyoshuka. Upo pia mchanganyiko maalumu wa chakula unaopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, lakini ni wa gharama kubwa, unahitaji usafi wa hali ya juu na vipimo vya damu mara kwa mara. Haupatikani katika hospitali nyingi za wilaya. Na hata katika nchi tajiri, tumbo likifanya kazi madaktari huchagua tumbo kwanza. Chakula kikipita tumboni, utumbo unabaki hai na vijidudu vyake havivuki ovyo kuingia kwenye damu.

MPIRA WA PUANI: HOFU NA UKWELI

Katika kambi tunasikia maneno haya: "Wakiweka mpira puani, mtu huyo amekwisha." Maneno kama hayo husemwa pia juu ya oksijeni. Yametoka wapi? Yametoka kwenye kile watu walichokiona. Mpira na oksijeni huwekwa kwa wagonjwa walio katika hali mbaya zaidi, na baadhi yao hufariki. Aliyeangalia kwa mbali akadhani mpira ndio ulioua. Ni kama kusema zimamoto ndiye anayechoma nyumba, kwa kuwa kila nyumba inayoungua utamkuta hapo.

Mpira huo ni bomba laini na jembamba. Linapita puani, linashuka kooni hadi tumboni. Muuguzi anapima urefu kabla ya kuuingiza: kutoka puani hadi sikioni, kisha hadi chini ya kifua. Akimaliza anavuta maji kidogo ya tumbo na kuyapima kwa karatasi maalumu ili ajue kuwa mpira uko tumboni na si kwenye mapafu. Anaubandika kwa plasta na kuweka alama pale unapotokea puani.

Kwa nini usimlishe kwa kijiko tu? Kwa sababu mtu aliyezimia hamezi. Nyuma ya ulimi kuna njia mbili: moja ya chakula, moja ya hewa. Ukiwa macho, kuna kifuniko kinachofunga njia ya hewa kila unapomeza. Mtu aliyezimia, au mwenye degedege, au aliyelegea sana, kifuniko hicho hakifanyi kazi. Ukimmiminia uji, chai, soda, maziwa au hata dawa ya kienyeji mdomoni, vinaingia mapafuni. Anaweza kukwama pumzi hapo hapo. Au anaweza kuonekana salama, kisha baada ya siku moja au mbili akapata homa ya mapafu inayomuua.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya somo hili ni hii: MTU ASIYE MACHO HAPEWI KITU CHOCHOTE MDOMONI. Hata tone. Hata kama ni mama yako na umekuja kutoka mbali.

WAKATI MWINGINE DAKTARI HUSEMA "ASILE KWANZA"

Usikasirike ukiambiwa hivyo. Kuna sababu za kweli: mgonjwa anakwenda kupasuliwa, utumbo umeziba, anatapika damu, au presha imeshuka sana hata damu haifiki vizuri kwenye utumbo. Utumbo usiopata damu ukilazimishwa kufanya kazi unaweza kuharibika.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mgonjwa mahututi apewe chakula kamili tangu siku ya kwanza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ufaransa uliofanyika kwa wagonjwa 3,044 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia na dawa za kupandisha presha. Nusu walipewa chakula kidogo sana kwa wiki ya kwanza, nusu kiasi kamili. Vifo havikutofautiana, lakini waliopewa kidogo walitapika kidogo na walikuwa tayari kutoka chumba cha mahututi mapema kidogo. Leo ushauri wa kawaida ni kuanza ndani ya siku moja au mbili hali ikishatulia, kwa kiasi kidogo, kisha kuongeza siku baada ya siku.

Kwa hiyo ukiona mgonjwa wako mzima anapitishiwa kikombe kidogo tu cha maziwa, usidhani hospitali inamnyima. Muulize muuguzi: "Leo anapata kiasi gani, na kesho mtaongeza?" Hilo ni swali zuri. Una haki ya kuuliza.

ALIYEKAA NA NJAA SIKU NYINGI: UPENDO UNAOWEZA KUUA

Sehemu hii isome polepole, kwa kuwa inawahusu wengi waliovuka mpaka.

Mtu amekaa msituni majuma mawili akila mizizi. Au ametekwa, akaachwa, akatembea hadi Kasindi, akavuka Mpondwe. Amekonda, macho yameingia ndani. Ndugu zake wanafurahi kumwona. Wanamsongea fufu, wanampa nyama, soda na chai yenye sukari nyingi. Siku ya tatu anavimba miguu, anachanganyikiwa, anashindwa kupumua, moyo unasimama. Watu wanasema amerogwa, au kuna mtu aliyemtilia sumu.

Si uchawi wala sumu. Sababu inajulikana. Mwili ulioshinda na njaa umepunguza kila kazi, kama taa iliyoshushwa utambi. Madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu yamebaki machache. Sukari nyingi ikiingia ghafla, mwili unatoa homoni ya insulini ili kuipeleka kwenye nyama za mwili, na sukari hiyo inaingia pamoja na yale madini machache yaliyobaki kwenye damu. Damu inaishiwa madini. Moyo na misuli ya kupumua vinategemea madini hayo, navyo vinalegea. Vitamini B1 nayo inakwisha, na ubongo unaumia.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, wafungwa waliokondeana walikutwa wakiwa hai katika kambi za Ulaya. Askari waliowafungulia waliwahurumia wakawapa chakula kizito cha kijeshi. Baadhi yao walikufa baada ya kula. Tangu hapo madaktari wanajua kuwa mwenye njaa ya muda mrefu huinuliwa polepole.

Ufanye nini? Ukimpokea mtu wa namna hiyo, usimfiche nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wakati mnangoja, kama yuko macho na anameza vizuri, mpe chakula laini kidogo kidogo, kwa mfano uji mwepesi wenye maziwa, mara nyingi kwa siku, si sahani moja kubwa. Mwambie mhudumu: "Huyu hajala vizuri kwa siku kadhaa." Maneno hayo machache yanabadilisha matibabu yake yote.

MTOTO MWENYE BWAKI

Ugonjwa ambao Kivu unaitwa bwaki, hospitalini wanauita kwashiakoo. Mtoto anavimba miguu yote miwili. Ukibonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki. Nywele zinakuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi inabanduka, hataki kucheza wala kula. Mwingine hakuvimba bali amebaki mifupa. Wote wawili wana utapiamlo mkali.

Mhudumu hupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu: hatari. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: aangaliwe. Zaidi ya hapo ni kijani.

Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa nyumbani kwa pakiti za siagi ya karanga yenye maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Lakini mtoto asiye na hamu ya kula, au mwenye homa kali, baridi ya mwili, kutapika au kulegea, lazima alazwe. Yeye ni mgonjwa mahututi hata kama bado anafungua macho.

Hapo hupewa maziwa maalumu yanayoitwa F-75. Namba hiyo ina maana ya kalori 75 katika kila mililita 100. Tuseme mtoto wako ana kilo 6 na hakuvimba sana. Anahitaji mililita 130 kwa kila kilo kwa siku: 130 mara 6 ni mililita 780. Hiyo ni zaidi kidogo ya tumpeko moja na nusu ya nusu lita. Inagawanywa mara 12, kila baada ya saa 2: kila mara mililita 65, sawa na vijiko 13 vya chai.

Mama wengi huangalia mililita 65 na kulia. "Mtoto amekaa na njaa, nanyi mnampa vijiko kumi na tatu?" Mama, kumbuka yale tuliyosoma juu. Ini na moyo wa mtoto huyo havijaweza kubeba zaidi. F-75 haikutengenezwa ili anenepe. Imetengenezwa ili asife. Mara nyingi mtoto aliyevimba hupungua uzito siku za kwanza kwa sababu maji yanatoka. Hiyo ni dalili njema. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo huhamishiwa kwenye maziwa ya F-100 au pakiti za siagi ya karanga, naye huanza kunenepa.

Usiku ndio wakati wa hatari. Sukari ya damu hushuka na mwili hupoa, na watoto wengi hufa alfajiri. Kwa hiyo maziwa ya saa 8 usiku na saa 10 usiku si ya kuruka. Omba kuamshwa. Mkumbatie mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja nawe na mfunike kichwa. Endelea kumnyonyesha.

Kama mnasafiri mbali kwenda hospitali na mtoto yuko macho, mpe maji ya sukari: kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa katika vijiko vitatu na nusu vya mezani vya maji safi. Mpe kidogo kidogo njiani. Kuhusu kuharisha, mtoto mwenye bwaki ana maji yake maalumu hospitalini yenye chumvi kidogo, yaitwayo ReSoMal. Acha mhudumu aamue kipimo.

Uganda ina historia ndefu katika jambo hili. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kitengo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, kilichoanzishwa miaka ya 1960. Jina hilo linatokana na methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutoka mbelekoni mwa mama yake. Maana yake ni kwamba mama akifundishwa, mtoto anapona na harudi tena.

TULICHOJIFUNZA BWERA MWAKA 2019

Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa ebola aliyevuka kutoka Kongo: mtoto wa miaka 5. Familia yake ilimpeleka Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha matibabu ya ebola Bwera, ambako alifariki. Bibi yake naye alifariki Bwera siku hizo hizo. Mwezi Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka 9 aligunduliwa penye upimaji wa mpaka Mpondwe, akapelekwa Bwera, naye akafariki.

Wengi wakasema, "Ukiingia kituo cha ebola hutoki." Lakini ng'ambo ya mpaka mambo mengine yalikuwa yakitokea. Katika utafiti uliofanywa Kivu ya Kaskazini tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019 kwa wagonjwa 681, dawa mbili mpya zilipunguza vifo hadi karibu theluthi moja ya waliozipata. Na wote walipata huduma ya msingi: maji, madini, kutibiwa malaria, na lishe. Mgonjwa wa ebola hupoteza lita nyingi kwa kutapika na kuharisha, hana hamu ya kula, na koo linamuuma. Dawa pekee haimtoshi.

Beni vilitumika vyumba vyenye kuta zinazoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa na kuzungumza naye bila kumgusa. Watu waliopona ebola waliajiriwa kulea na kulisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa maziwa ya mama mgonjwa yanaweza kuwa na virusi. Mgonjwa anayeona uso wa ndugu yake na kusikia sauti yake anakubali kunywa kikombe kingine. Hiyo nayo ni lishe.

Kama jamaa yako ametengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza, uliza mambo matatu: anaruhusiwa kula nini, chakula kinakabidhiwa kwa nani, na ni saa ngapi unaweza kumwona. Jua pia kuwa vyombo vinavyoingia ndani havirudi nyumbani.

KAZI YAKO KANDO YA KITANDA

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira, kikombe au bomba la kulishia.
2. Mgonjwa asilishwe akiwa amelala chali. Kichwa na kifua viinuliwe kama mtu anayeegemea kiti, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kulishwa.
3. Usimlishe kwa mpira mpaka muuguzi akufundishe na akuone ukifanya. Kabla ya kila mlo tazama alama ya plasta. Ikiwa imesogea, usilishe. Mwite muuguzi.
4. Chakula kishuke chenyewe polepole kutoka kwenye bomba lililoinuliwa. Usikisukume kwa nguvu.
5. Baada ya chakula pitisha maji safi kidogo kwa kiasi ulichoambiwa, ili mpira usizibe.
6. Usipitishe uji wa nyumbani, mchuzi au juisi bila ruhusa. Hospitali ikikuomba utengeneze, fuata vipimo vyao, chemsha, chuja vizuri, na ulete kingali kipya. Joto la Kasese huharibu maziwa haraka. Kilichokaa zaidi ya saa 2 kimwage.
7. Safisha kinywa cha mgonjwa kwa kitambaa safi chenye unyevu mara kadhaa kwa siku.
8. Andika au kumbuka: amelishwa mara ngapi, ametapika mara ngapi, ameharisha mara ngapi.
9. Mfunge mikono? Hapana, si wewe. Kama anauvuta mpira, mshike mkono na mwambie muuguzi.

MWITE MUUGUZI MARA MOJA ukiona:
- anakohoa au kukabwa wakati wa kulishwa, au midomo inabadilika rangi (acha kulisha kwanza);
- tumbo limejaa na kuwa gumu, au anatapika;
- anapumua haraka kuliko kawaida, au miguu inavimba ghafla;
- amechanganyikiwa, amelegea, anatoka jasho baridi au ana degedege;
- mpira umetoka. Usiurudishe mwenyewe.

AKIRUDI NYUMBANI

Kutoka hospitalini si mwisho. Misuli iliyopotea kwa siku kumi inachukua miezi kurudi. Tunajua kuwa mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na kwamba posho na maharage ndivyo vilivyopo. Hata hivyo kuna namna ya kuongeza nguvu katika sahani ndogo.

Mpe mara 5 au 6 kwa siku badala ya mara 2. Ongeza kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa katika uji. Mukene au ndagala waliokaushwa, wakisagwa kuwa unga, wanaongeza protini kwa fedha kidogo kuliko nyama. Maharage yapikwe hadi yalainike kabisa. Sombe itwangwe na ipikwe muda mrefu kwa karanga. Yai moja kwa siku likipatikana ni bora kuliko soda, kwa kuwa soda haina protini.

Na asilale tu. Siku ya kwanza aketi. Kisha asimame akishikwa. Kisha atembee hadi mlangoni. Chakula bila mwendo hakijengi msuli, na mwendo bila chakula unaumaliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jirani yako anasema mgonjwa ana dripu, kwa hiyo ameshiba. Utamjibu nini?
2. Kwa nini mtu aliyezimia hanyweshwi chai?
3. Mtoto wa kilo 5, asiye na uvimbe mkubwa, anahitaji F-75 kiasi gani kwa siku?
4. Binamu yako amefika kutoka msituni, hajala vizuri kwa majuma mawili. Utafanya nini?
5. Unaona plasta ya mpira imesogea na chakula kiko tayari. Utafanya nini?

Majibu: (1) Lita moja ya dripu ya sukari ina kalori karibu 200 tu na haina protini, dripu ya chumvi haina kitu. (2) Hamezi, chai itaingia mapafuni. (3) 130 mara 5, yaani mililita 650. (4) Kituo cha afya siku hiyo hiyo, chakula laini kidogo kidogo, na kumweleza mhudumu. (5) Usilishe, mwite muuguzi.

Ndugu msomaji, ukishalisoma somo hili, msomee asiyejua kusoma, kisha mpe jirani. Siku usiyoitarajia, mmoja wenu atakuwa ameketi kando ya kitanda akiwa na kibakuli mkononi, naye atahitaji kujua la kufanya.